Karube no Nunome, Mama wa Mtaa wa Nane Aliyegoma Kuhama

Ndugu, majirani, na nyote mliopanda kilima hiki cha Saho na matope yote haya, asanteni kwa kuja. Tunayemlaza hapa ni Karube no Nunome, mama yetu. Wasifu wake umekusanywa na watoto wake na unasomwa na binti yake, Sakame. Familia inaomba radhi mapema. Maneno ya makaburini huwa laini, lakini haya hayatakuwa laini. Marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kunong'ona, na aliyotendewa hayafai kunong'onwa.

Nunome alizaliwa mwezi wa nane, mwaka wa tano wa enzi ya Jinki, katika Mtaa wa Nane, upande wa kushoto wa jiji la Heijo, jirani kabisa na mfereji wa Soko la Mashariki. Baba yake, Ushimaro, alikuwa mfinyanzi wa vigae. Mama yake, Okime, alishona mavazi ya makarani. Waliomtangulia kuzaliwa walikufa wangali wananyonya, kwa hiyo yeye alilelewa kama yai. Jiji lenyewe lilikuwa bado changa. Mierebi iliyopandwa kando ya barabara kuu ilikuwa miembamba kama fimbo, na Nunome alikuwa akisema ilimpita kimo mwaka ule alioanza kung'oka meno, jambo lililomuudhi sana, kwa sababu alidhani wanashindana.

Alikuwa na umri wa miaka kumi ndui ilipoingia jijini, mwaka wa tisa wa enzi ya Tenpyo. Ushimaro alitangulia, Okime akamfuata kabla hata jivu la mumewe halijapoa. Mabwana wakubwa nao walikufa kiangazi kile, na kwa ajili yao jiji zima liliamriwa kuomboleza. Kwa ajili ya Ushimaro na Okime hakuna aliyeamriwa kitu. Mtoto alikutwa mlangoni, amekaa na mtungi mtupu mapajani, anangoja mtu mzima yeyote apite amwambie afanye nini. Aliyepita ni shangazi yake, Tojime, muuza matango sokoni. Alimtazama, akamwambia, "Simama, mwanangu. Twende tukafanye kazi." Hayo ndiyo yalikuwa mazishi.

Kuhusu elimu: marehemu hakusoma. Chuo kilikuwepo katika jiji lilelile, chenye vyumba na walimu na mti mzuri wa plamu mbele, lakini kilikuwa cha wana wa mabwana. Yeye alifundishwa na Tojime namna ya kuchagua matango machanga, kuyakausha kwa chumvi, na kuyalaza ndani ya machicha ya pombe ya mchele mpaka yageuke rangi ya udongo mkavu. Ilikuwa kazi ya mikono baridi na harufu kali, na aliipenda maisha yake yote. Wanaomfahamu wanajua kwamba hakuvumilia mtu aliyekula tango lake haraka haraka. "Limekaa gizani mwaka mzima likikungoja wewe," alikuwa akifoka, "nawe unalimeza kama dawa?"

Alipokuwa na miaka kumi na minne, jiji lilihamishwa kwa mara ya kwanza. Watu wengi siku hizi wanasahau kwamba ile haikuwa mara moja tu. Ilitolewa amri kwamba makao yawe Kuni, ng'ambo ya vilima, na masoko yote mawili yafuate. Tojime na Nunome walipakia mitungi kwenye mkokoteni wakausukuma wenyewe kupanda na kushuka, maana wanyama wote walikuwa wamechukuliwa kubeba vitu vya wakubwa. Nusu ya mitungi ilipasuka njiani. Huko Kuni walikuta uwanja wenye visiki. Walipouzoea ikatolewa amri kwenda kwingine, kisha kwingine tena, na mwisho, katika mwaka wa kumi na saba wa Tenpyo, wote wakaambiwa warudi Heijo. Tojime alirudi akichechemea na hakupona nyonga ile hadi kufa kwake.

"Shangazi, kwa nini tulikwenda basi?" Nunome alimuuliza siku ile waliposhusha mitungi mahali palepale ilipopakiwa.

"Unaniuliza mimi? Mimi ni mtu wa kuulizwa? Mfalme akiota ndoto, sisi tunafunga mizigo. Inua upande wako, mtungi unanielemea."

Familia inaamini hasira ya marehemu ilianzia hapo. Iliishi miaka mingi ndani yake bila kuchacha, kwa maana alikuwa fundi wa kuhifadhi vitu.

Nunome alifunga ndoa mwaka wa kumi na tisa wa Tenpyo na Hirotari, fundi seremala aliyeletwa kutoka milima ya Hida kwa kazi ya lazima. Watu wa Hida hawakutozwa kodi ya nguo wala mpunga. Walitozwa mafundi. Hirotari alikuwa na lafudhi iliyowachekesha watu wa mjini na tumbo ambalo posho ya serikali haikulijaza hata siku moja. Alifika kwenye kibanda cha matango akasimama akitazama chombo cha machicha yaliyokwisha kazi.

"Dada, haya mnatupa?"

"Tunampa ng'ombe wa jirani."

"Basi nihesabu mimi ni ng'ombe wa jirani."

"Ng'ombe wa jirani analima. Wewe unafanya nini?"

"Naweza kukunyooshea kibanda. Kimeinama kama mlevi."

"Kibanda changu hakijainama hata kidogo. Wewe ndiye umeinama kwa njaa. Kaa chini, ule."

Alikaa, akala machicha, akalewa kidogo, akalala palepale akiegemea chombo. Tojime aliporudi alimkuta mpwa wake anamfukuzia nzi yule mgeni kwa jani, akasema, "Haya, tumekwisha." Mwezi uliofuata kibanda kilikuwa kimenyooka. Kumbe kweli kilikuwa kimeinama. Marehemu hakukubali jambo hilo mpaka mwisho wa maisha yake, na familia inalitaja hapa ili liwe limesemwa.

Nyumba ya Mtaa wa Nane, ambayo wengi wenu mmelala ndani yake, ilijengwa na Hirotari kwa mikono yake. Tunaomba msikilize vizuri habari ya nguzo zake, kwa sababu ndizo zilizoleta balaa. Kuna mwaka mchele wa posho haukufika, na mkuu wa kikosi cha mafundi, mtu mwenye haya kuliko wakubwa wake, aliwaita watu wake akawaambia wachukue chochote kilichobaki uwanjani kama malipo. Hirotari alichukua nguzo nne za mvinje, nene, zilizotoka kwenye jengo la kasri lililobomolewa, likapelekwa Kuni, likarudishwa, na kukosa mahali pa kusimama tena. Majirani walimsaidia kuzikokota mchana kweupe. Kila mtu aliona. Hakuna aliyeandika popote, kwa sababu nani alidhani siku moja itabidi fundi athibitishe kwamba mshahara wake ulikuwa mshahara wake?

Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, akafa kabla ya kuanza kutambaa. Mwaka wa kwanza wa enzi ya Tenpyo-hoji, Hirotari naye alianguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi, juu kabisa ya jumba kubwa lililojengwa kwa ajili ya ile sanamu kubwa ya hekalu la mfalme. Msimamizi alimtuma mtu alete tezo ya marehemu nyumbani, na ujumbe: je, hana mdogo wake Hida anayeweza kuja kumalizia zamu? Nunome alipokea tezo. Kuhusu ujumbe, alimwambia yule mtu arudi akamwambie msimamizi kwamba mdogo wake yupo, anaitwa Hewa, na yuko palepale alipopita Hirotari. Watu walipokwenda kuitazama sanamu ile walirudi wakisimulia dhahabu. Yeye hakwenda hata mara moja. Alisema alikwisha kutoa sadaka yake, na ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote aliyejipanga pale kwenye mlango.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo kwa ajili yake mmejaa kilima hiki.

Mwaka wa nane wa Tenpyo-hoji ulikuwa mwaka wa vita na ukame kwa pamoja. Watu walishindwa kulisha watoto wao, wakawaacha kwenye lango la soko alfajiri na kuondoka bila kugeuka. Nunome alikuwa na miaka thelathini na saba, mjane, akifika kufungua kibanda. Wa kwanza kumwona alikuwa mvulana wa miaka kama minne, aliyekaa ameupa ukuta mgongo. Alimpa uji wa mtama. Mtoto alikunywa bila kuondoa mgongo ukutani, akimtazama juu ya ukingo wa bakuli. Nunome alimbeba mgongoni kutwa nzima huku akiuza, kwa sababu kila alipomweka chini alitetemeka. Alimwita Komaro. Hakusema neno hadi majira ya baridi, na neno lake la kwanza lilikuwa "tango".

Baada yake alikuja Sakame, anayesoma hapa, akiwa hajui hata kutembea sawasawa. Kisha Otari. Kisha mapacha, Futame na Mitsume. Baadaye walikuja wengine, mwaka baada ya mwaka, maana ikishajulikana kwamba kuna mlango usiofungwa, watu huuona hata gizani. Kwa jumla aliwalea watoto kumi na mmoja. Mjumbe wa mtaa alikuja kulalamika alipoona wote wanaitwa Karube.

"Bi Nunome, ukoo hautolewi hivihivi kama matango. Hawa watoto hawana baba."

"Wana mama."

"Sheria inataka baba."

"Basi andika wewe ndiye baba yao, uje uwalishe."

Mjumbe aliondoka, na wote tukabaki kuwa Karube.

Katika watoto wote, aliyekuwa na kichwa chepesi ni Komaro. Mtawa mmoja wa hekalu la jirani alimfundisha herufi, naye akazinywa kama alivyokunywa ule uji. Ili apate nguo ya kuvaa mbele ya wakubwa, Nunome alikatakata joho lake la baridi la hariri nzito, kitu pekee kizuri alichowahi kuwa nacho, zawadi ya harusi kutoka kwa Tojime. Majira mawili ya baridi alijifunga magunia. Komaro akaingia kwanza kama tarishi, kisha karani, katika ofisi moja inayohusika na ujenzi. Siku alipopewa kofia nyeusi ya kazi alikuja nyumbani nayo, na Nunome alimtembeza soko zima, kibanda kwa kibanda, akisema, "Mwanangu. Huyu ni mwanangu. Huyu hapa." Aliwachosha watu. Hakujali.

Mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tatu wa enzi ya Enryaku, jiji lilihamishwa tena, safari hii kwenda Nagaoka. Mnayakumbuka yale. Waliobomoa nyumba zao na kuzipakia, waliopiga kelele kwenye vivuko, mbwa waliobaki wakizunguka viwanja vitupu. Komaro alikwenda na ofisi yake. Aliahidi kurudi kumchukua mama na wadogo zake mambo yakitulia. Nunome alimwambia asisumbuke. Alisema alikwisha kusukuma mitungi mara moja katika maisha yake kwa ajili ya ndoto ya mtu mwingine, na kwamba matango yanataka mahali pamoja. Soko lilipofungwa, akawa anauza kwa watawa na kwa wakulima walioanza kulima katikati ya barabara zetu. Watu walianza kutuita wa Jiji la Zamani. Alichukia jina hilo. "Zamani gani? Mimi nimeamka hapa leo asubuhi."

Miaka saba ikapita. Mwezi wa tisa, mwaka wa kumi wa Enryaku, ilitoka amri ya kubomoa malango na majengo ya kasri yaliyobaki hapa na kupeleka mbao zake Nagaoka. Vibarua walijaa jijini. Na asubuhi moja, mvua ikinyunya, Komaro alisimama mlangoni kwa mama yake, na nyuma yake wanaume wenye kamba na mitaimbo.

Nunome alidhani amekuja kusalimia. Alikwisha kumwagiza Futame aweke maji jikoni. Familia inataka jambo hili lijulikane.

"Mama," alisema Komaro, "nguzo nne za ndani ni mali ya kasri. Nimeagizwa kuzichukua."

"Nguzo zipi?"

"Unazijua, Mama."

"Nazijua. Nani alizisimamisha, unajua? Umelala chini yake tangu hujui kusema. Ni mshahara wa baba yako."

"Kuna ushahidi?"

"Ushahidi? Muulize mtu yeyote wa mtaa huu."

"Mtaa huu hauna watu tena, Mama."

Hapo ndipo aliponyanyuka. Alikuwa na miaka sitini na minne. Aliingia ndani, akakaa chini ya nguzo ya upande wa mashariki, akaikumbatia kwa mkono mmoja. Watoto waliokuwa wangali wadogo wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, wakakaa karibu naye. Vibarua walisita. Mzee mmoja kati yao, mtu wa bara, alivua kofia yake ya majani akasema, "Bwana karani, nyumba ina watu. Sisi kwetu hatubomoi nyumba yenye watu."

Sakame alimshika Komaro mkono. "Kaka, waambie hukuikuta nyumba. Waambie imeungua. Nani atakuja huku kukagua?"

"Wewe hujui kazi ilivyo," alimjibu. "Nikirudi mikono mitupu wanaleta mwingine, na huyo mwingine hatawaita kwa majina."

"Kwa hiyo unatubomolea kwa upendo?"

Komaro aliwageukia vibarua. Alitoa amri waanze na ezeko. Kama watu hawatoki, alisema, mvua itawatoa. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na yumo kati yetu hapa. Kama si kweli, na akanushe.

Walivua paa. Mvua ikaanza kunyesha sawasawa. Nunome hakutoka siku hiyo wala iliyofuata, na watoto hawakumwacha, ingawa aliwafukuza. Mdogo kuliko wote alikuwa Wakahi, binti wa miaka mitano, aliyekuwa na kifua kibovu tangu tulipompata. Siku ya tatu Wakahi alianza kuunguruma kwa ndani kama chungu. Nunome aliposikia sauti ile aliiachia nguzo, akamfunga mtoto kifuani, akatoka. Alipita mbele ya Komaro. Nyuma yake nyumba ilishuka.

Wakahi alifariki kabla mwezi haujaandama tena, katika ghala ya hekalu tulipopewa hifadhi. Waganga wote wenye jina walikuwa wameshahamia Nagaoka. Amelala hapa hapa, upande wa kushoto wa shimo hili, na yule anayesema mtoto yule angekufa tu, kwa sababu kifua kilikuwa kibovu, asiseme mbele yetu.

Mwaka uliofuata Nunome alitaka kuziona nguzo zake zimesimama. Alisema akiona zimeshika jumba, zimepakwa rangi, watu wanapita chini yake, basi angalau atajua zimefanya kazi. Alitembea hadi Nagaoka pamoja na Sakame, akipumzika kwenye vivuko. Walizikuta ukingoni mwa mto. Zilikuwa zimelala kwenye matope pamoja na mbao nyingine chungu nzima, mafuriko yamekwisha kupita juu yake, na uyoga umeota kwenye matundu aliyotoboa Hirotari. Hakuna aliyezigusa tangu zishushwe kutoka kwenye chelezo. Alizitambua kwa alama za tezo, akapiga magoti akaupangusa udongo kwa mkono wa nguo yake.

Waliitiwa Komaro. Alikuja amevaa kofia ileile.

"Mbona hazijasimama?" Nunome alimuuliza.

"Mipango imebadilika, Mama. Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Sijui. Sisi wadogo hatuambiwi."

"Hukuambiwa," alisema Nunome, taratibu, kama anayeonja kitu. "Ulikuja kwangu na kamba, na hukuambiwa. Haya. Nirudishie basi. Kama zinaoza huku, nirudishie nikaozee nazo kwangu."

"Haiwezekani, Mama. Ni mali ya serikali."

"Nilikubeba kutwa nzima mgongoni, Komaro. Mimi naomba gogo moja tu."

Komaro alitazama chini. Mama alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko ilivyostahili, na alipoona hakuna kitu kitakachotoka katika mdomo ule alimgeukia Sakame akasema, "Twende. Kumbe huyu bado hajaanza kusema."

Na mnajua kilichofuata. Haikupita hata miaka mitatu, Nagaoka nayo ikaachwa. Mwezi wa kumi wa mwaka uliopita wamehamia jiji jingine jipya, Heian, na tunaambiwa hilo sasa ndilo la kudumu. Tuliambiwa hivyo pia juu ya Kuni. Habari ilipofika, Nunome alikuwa anakoroga machicha. Aliacha mwiko ndani ya chombo, akatoka nje, akasimama kwenye shamba la mtama ambalo zamani lilikuwa barabara yetu, akapiga ukelele mmoja. Haukuwa kilio. Watawa walitoka hekaluni wakidhani kuna moto. Alipomaliza, akarudi ndani kukoroga.

Ugonjwa wake ulianza katika mvua zile za siku tulipovuliwa paa, na haukumwacha. Kwanza kikohozi, kisha miguu kuvimba, kisha pumzi. Tulimjengea kibanda cha miti ya porini palepale Mtaa wa Nane, na humo aliendelea kulaza matango hadi majira ya baridi haya, akifundisha kwa kupiga kelele akiwa amelala. Otari aliwahi kumwambia apumzike. "Nitapumzika wapi," alimjibu, "kuna mahali hapajabomolewa?"

Alipoona mwisho umekaribia, alimwita Sakame amwambie majina ya kusomwa leo. Alianza na Komaro.

"Huyo silisomi jina lake," Sakame alisema.

"Utalisoma. Utalisoma la kwanza. Ndiye wa kwanza kuja."

"Mama, alimuua Wakahi."

"Najua alichofanya. Nilikuwepo." Akavuta pumzi. "Kumtaja ni kitu kingine. Niliwaambia watu soko zima kwamba ni mwanangu, siwezi kufa nimekuwa mwongo. Lakini msiseme nilimsamehe. Mtu akisema nilimsamehe, Sakame, mkatize hapohapo. Sikumsamehe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Niletee tango, la mtungi wa nyuma. Na usilikate nene."

Alikula vipande viwili, polepole, kama alivyotaka tule sisi. Alifariki asubuhi ya siku ya tisa ya mwezi huu wa tatu, mwaka wa kumi na nne wa Enryaku, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, katika Mtaa wa Nane, jijini Heijo. Familia inasisitiza maneno hayo mawili ya mwisho. Jana Komaro alileta hariri na ubani. Vitu hivyo viko nje ya uzio, vimelowa umande, na vitabaki huko.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, shangazi yake Tojime, mume wake Hirotari, mwanawe aliyekufa kabla ya kupewa jina, na binti yake Wakahi. Ameacha watoto: Komaro. Sakame. Otari. Futame na Mitsume. Inute, aliye jeshini kaskazini na hajui. Tarime. Yasumaro. Kurome. Na Suzu, aliyekuja baada ya nyumba kubomolewa, ambaye ana miaka saba na amesimama hapa akishika mtungi kwa sababu amekataa kuuweka chini. Ameacha wajukuu, mitungi iliyojaa, na majirani wachache kama yeye waliokataa kuondoka.

Udongo wa Saho umpokee kwa upole ambao wenye amri hawakuwa nao. Alale, na usingizi wake uwe wa mtu aliyefika kwake.

Sasa tufukie. Komaro, usisimame huko nyuma kama karani. Vua kofia. Jembe hili hapa.